Ejo ya Sabyinyo

Mama zangu wa shirika, tangu nirudi mmekuwa mkinishika mkono mmoja mmoja baada ya misa. Mama Neema, ni kweli ulipanda mlima? Ni kweli ulimshtaki Papa Neema kwa walinzi wa Uganda? Nilimjibu kila mtu kwa kadiri ya pumzi niliyokuwa nayo siku hiyo, na sasa nasikia habari tatu tofauti zinazunguka mtaa wetu wa Katoyi, moja ikisema nimekuwa mjane. Kwa hiyo leo nimeifunika mashine ya kushona, naandika. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi.

Ninyi mnamjua mume wangu kama yule mzee mwenye kiatu kinacholia wakati wa kukusanya sadaka. Hamkumwona miaka thelathini alipokuwa mpima ardhi, anarudi nyumbani na matope hadi magotini na ramani chini ya kwapa. Kwenye ramani zake nyingi za upande wa Rutshuru kuna kipembetatu kidogo chenye nukta katikati. Hicho ni kilele cha Sabyinyo. Ni volkano ya zamani iliyozimika, ina vilele vilivyopangana kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee, na jina lake kwa lugha ya ukweni kwangu linatokana na meno hayohayo. Kwenye jino refu kuliko yote mipaka mitatu inakutana: Kongo, Uganda na Rwanda. Papa Neema aliichora nukta hiyo mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake, lakini hakuwahi kuikanyaga. Upande wetu, kutoka Jomba, ni msitu wa hifadhi, na kwa vita hivi hakuna njia ambayo mtu mwenye akili angeifuata. Mtu wa Goma akitaka kufika juu lazima azunguke: Rutshuru, Bunagana, avuke mpaka, alale Kisoro, kisha apande kwa upande wa Uganda. Unatoka nchini mwako ili ukauone mwisho wa nchi yako.

Mwaka huu dada yake Josefina, aliyeolewa Kisoro, alimwita. Wanakwaya wa parokia yake walikuwa wanapanda na nafasi moja ilibaki. Nilipinga. Papa Neema ana miaka sitini na moja na ana presha. Daktari alisema kidonge kimoja kila asubuhi, asiruke hata siku moja. Mwaka jana aliruka siku nne kwenye msiba Masisi, akaanguka mlangoni pa kanisa, mdomo ukampinda mchana kutwa. Mliona wenyewe. Tukagombana Jumapili jioni nzima, na ulimi hauna mfupa. Nilimwambia, "Basi enda ukauoe huo mulima!" Jumatatu alfajiri akaondoka bila kuniaga.

Katoyi hadi Rutshuru

Jumatano asubuhi nilifungua droo ya mashine kutafuta bobini, nikaziona dawa zake.

Niseme ukweli hapa hapa, kwa sababu hata padri nilimwambia. Ni mimi niliyezitoa. Jumapili, kabla ya ugomvi, nilichukua koti lake nishone mfuko uliochanika. Nikatoa dawa, nikaziweka kwenye droo, nikashona mfuko vizuri hata mshono hauonekani. Kisha tukagombana, nikasahau. Mume wangu amekwenda kupanda mlima na mfuko mzuri usio na kitu ndani.

Nikaikomba droo: dawa, vifungo viwili, bobini, na ile sumaku ninayookotea pini sakafuni. Vyote vikaingia kwenye kifuko cha kitambaa, nikakivaa shingoni chini ya blauzi. Nikapiga simu. Ya Papa Neema ilikuwa imezimwa. Akivuka mpaka huwa anaizima. Namba niliyokuwa nayo ya Josefina iliitikiwa na mwanamke asiyemjua Josefina yeyote. Sikujua anapanda siku gani. Alikuwa amesema tu, "Josefina njo anajua."

Nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa limeshusha makabichi na linarudi tupu. Dereva alikuwa Kasereka, mtu wa Butembo, na aliposikia jina langu la Kavira akanisalimia kwa Kinande chetu, "Wavukire, mama!" Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo nilimuuliza kama lori lake linaweza kukimbia.

"Linaweza," akasema. "Lakini mimi sikimbizake. Mwenda pole hajikwai."

Kasereka alikuwa mtu mwema kabisa na karibu nimkabe. Alisimama Kibumba kununua karoti za mkewe. Alisimama tena kumsalimia mtu ambaye, walipokwisha kusalimiana, ilionekana si yule aliyemdhania. Karibu na Rugari mpira wa nyuma ukapasuka, na mpira wa akiba ulikuwa kwa shemeji yake. Tukakaa mpaka dereva mwingine alipotuazima wake. Mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi kando ya njia, Kasereka akaninunulia moja. Nilikuwa sijala tangu jana yake, lakini nililishika tu mkononi mpaka likapoa. Nilikuwa nahesabu asubuhi: Jumatatu hakunywa, Jumanne hakunywa, leo hakunywa. Kesho ni ya nne.

Kwenye kizuizi kimoja mbele kidogo mlinzi aliona kamba shingoni mwangu.

"Mama, uko na nini humo?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Dawa ya bwana," nikasema, maana nilitaka kusema dawa ya mume wangu.

Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. "Mukuje musikie! Mama eko na dawa ya bwana!" Mmoja akaniuliza kama bwana amekimbia na mwanamke wa wapi, na kama dawa yenyewe inawekwa kwenye chakula au chini ya mto. Nilitoa vidonge, nikaeleza presha, nikaeleza mlima, mpaka machozi yakanitoka. Yule wa kwanza akaturuhusu tupite, akasema mama yake pia ana presha. Kasereka hakucheka mpaka tulipofika mbali, na alipoanza kucheka hakuacha hadi Rutshuru.

Rutshuru hadi Bunagana

Kasereka alibaki Rutshuru kutafuta mpira mwingine, mimi nikachukua pikipiki. Ilikuwa saa saba mchana. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti la mvua kabla mvua haijanyesha, nikamwamini kwa sababu hiyo.

Mvua ilitukuta njiani. Ile barabara ikinyeshewa si barabara tena, ni ugali usioiva. Tuliteleza mara mbili. Mara ya pili nilianguka upande, na kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa kifuko. Mwenye pikipiki aliniinua akasema, "Mama, mutu akianguka anashikaka kichwa. Wewe unashika shingo?"

Wingu lilipopanda kidogo nikauona mlima mbele yetu, ng'ambo ya mashamba ya viazi. Nimeuona tangu niolewe, kila tulipokwenda kusalimia ukweni, na sikuwahi kuutazama. Siku hiyo niliutazama. Meno yale yalikuwa meusi, yanatokeza na kuzama kwenye ukungu, na kati ya jino na jino palikuwa na korongo. Nikawaza mtu wa miaka sitini na moja akipita pale kichwa kikimzunguka. Nilisali rozari bila rozari, nikihesabu kwa vidole mgongoni mwa yule mtu, naye hakulalamika.

Bunagana hadi Kisoro

Mambo ya mpakani nayaruka. Nilivuka.

Mlisikia nimepiga kelele mpakani, na hiyo ni kweli. Nilipanda pikipiki ya upande wa pili, na mara tulipoondoka mwendeshaji, kijana mwenye ndevu, akahamia kushoto kwa barabara, na lori linakuja. Nikampiga mgongo kwa ngumi. "Unaenda ku mukono mubaya! Utatuua!" Akasimama, akaniangalia, akasema kwa upole kwamba Uganda wote wanakwenda kushoto. Nilijua jambo hilo. Hofu ilikuwa imenitoa akili.

Kitu ambacho sikukijua ni saa. Nilikuwa nimeridhika kwamba ni saa tisa na nusu, jua bado lipo, nitamkuta Josefina sokoni au nyumbani. Tulipoingia Kisoro redio ya dukani ikasema saa kumi na nusu. Nilidhani redio imeharibika. Kumbe nimevuka mpaka na saa nzima imebaki Bunagana.

Nyumba ya Josefina niliijua kwa mlango wake wa bluu. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama mkwe wake, bibi mzee sana, ameketi uani anapukuchua maharagi, na Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Kinyarwanda changu, mnakijua. Miaka ishirini na minne ya ndoa na bado nikifungua mdomo ukweni watoto hukimbilia kusikiliza. Hata hivyo nilikusanya maneno niliyokuwa nayo.

"Deo," nikasema. Hilo ndilo jina la Papa Neema. "Kirunga. Ryari?" Yaani Deo, mlima, lini?

Bibi akanitazama vizuri, akatabasamu. "Ejo."

"Ejo?"

"Ejo, mwana wanjye."

Neno hilo nalijua kuliko maneno yote ya lugha ile. Marehemu mama mkwe wangu, kila nilipotoa wazo nyumbani kwake, kuhusu chumvi au kuhusu mahari, alinijibu, "Wowe waje ejo," wewe umekuja jana. Nilikuja jana mwaka wa kwanza, nilikuja jana hata nilipokuwa na watoto wanne. Ejo ni jana. Hakuna mtu aliyenichoma na jana kama yule mama.

Basi Papa Neema alipanda jana. Na mlima ule unapandwa asubuhi na kushukwa siku hiyohiyo, juu hapalalwi. Alipanda Jumanne bila dawa, leo ni Jumatano jioni, na nyumbani hayupo. Bibi alikuwa ananiletea kikombe cha bushera, ule uji mchachu wa mtama. Nilimwachia kikombe mkononi nikatoka mbio, nalia kwa sauti barabarani, jambo ambalo sijalifanya tangu mama yangu afe.

Langoni

Kutoka Kisoro hadi lango la hifadhi ni mwendo wa mawe matupu, kupanda tu, kati ya mashamba yenye kuta za mawe ya volkano. Nilifika wanakaribia kufunga. Mlinzi wa zamu aliitwa Mugisha, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili alikijua vya kutosha. Nikamwambia mume wangu yuko juu tangu jana.

Akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Mama, huyu mutu hayuko kwa kitabu. Jana walipanda wazungu wawili, wakashuka."

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Nikakumbuka jinsi Papa Neema alivyokuwa akisema kuna njia ya zamani ya Jomba, upande wetu, aliyoonyeshwa na baba yake. Nikaona wazi kabisa kwamba ameipita hiyo, amevuka msituni peke yake, na sasa amelala chini ya mti mdomo umepinda. Nikamweleza Mugisha kila kitu. Presha. Kuanguka kanisani. Vidonge vilivyorukwa. Daktari aliyekataza kupanda hata ngazi za nyumba. Hilo la ngazi daktari hakulisema, nililiongeza ili waende haraka. Mugisha akaandika yote kitabuni kwa mwandiko mzuri, akachukua redio yake akaanza kuita vituo vingine.

Redio bado inakoroma, pikipiki mbili zikaja. Ya kwanza Josefina. Ya pili mume wangu, mzima, mkavu, amevaa buti mpya za mpira na ameshika kipande cha muhogo. Walikuwa sokoni wananunua buti. Bibi aliwaambia mwanamke wa Goma amelia akakimbilia mlimani.

"Ejo ni kesho, wifi!" Josefina akapiga kelele hata kabla hajashuka. "Atapanda kesho!"

"Ejo ni jana!"

"Ni jana, na ni kesho pia! Unasikiliza kitenzi!"

Kitenzi! Bibi hakunipa kitenzi chochote. Nilimpa maneno matatu makavu, naye kwa huruma akanijibu kwa neno moja ili nielewe.

Nilivuta kifuko, nikatoa kidonge, nikamtia Papa Neema mdomoni mbele ya watu wote kama mtoto. Alimeza bila maji. Kisha nikakaa chini kwenye majani nikalia upya, safari hii kwa furaha. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Simama, utachafua kikwembe." Usiku ule nilikula maharagi sahani mbili, na nilidhani mambo yamekwisha.

Asubuhi ya ejo

Alhamisi saa moja ya Uganda tulikuwa langoni, wanakwaya wanne, Josefina na sisi wawili. Papa Neema alikuwa amenyoa ndevu. Amebeba daftari lake la kazi, lile la jalada jeusi, na dira yake ya shaba. Alisalimia kila mtu mara mbili. Sijamwona vile tangu siku ya harusi.

Mugisha alifungua kitabu, akasoma ukurasa wa jana, akauvuta mdomo.

"Muzee," akasema, "pole sana. Wewe siwezi kukupeleka."

"Juu ya nini?"

"Imeandikwa hapa. Presha. Ulianguka. Daktari alikataza hata ngazi za nyumba, na huku juu ni ngazi tu. Ukianguka juu ni sisi tunakubeba. Mama mwenyewe ndiye alisema."

Nikamwambia nimeongeza chumvi. Nikaapa. Josefina akabembeleza kwa lugha yao mpaka sauti ikamkauka. Mugisha hakukasirika wala hakubadilika. Mahali pake hata mimi ningekataa.

Papa Neema hakubishana. Alikaa kwenye benchi la mbao, akalitazama daftari lake. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Kwanza dawa. Sasa buku ya mulinzi."

Ndipo nilipoelewa. Siku tatu zile alijua hana dawa, na alidhani nilimfichia ili asiende. Alikuwa tayari kupanda bila dawa kuliko kunirudia. Nilimweleza habari ya mfuko, nikamwonyesha ule mshono kwenye koti alilovaa. Aliugusa kwa kidole. "Nimeamini," akasema. Lakini hakuinua macho kuutazama mlima, na mlima ulikuwa mbele yake, siku hiyo hauna wingu hata moja. Roho iliniuma mama zangu, iliniuma sana. Hofu yangu ndiyo iliyomfungia lango.

Tiketi ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na buti za mpira zilinitosha nikivaa soksi mbili. Ya kubadili jina nayaruka.

"Nipe dira," nikamwambia.

"Wewe? Na magoti yako?"

"Nimezaliwa Lubero kwa milima, si Katoyi. Nionyeshe inavyosomwa."

Alinionyesha mara tatu. Uelekee mlima unaoupima, ushike dira kifuani isitikisike, uzungushe duara mpaka herufi ya kaskazini ikae kwenye ncha nyekundu, usome namba iliyo mbele. Mikeno kwanza, akasema. Kisha Gahinga na Muhabura. "Na uniambie kama mupaka uko pale nilichora."

Meno matatu

Mwanzo ni mashamba yaliyoachwa, kisha mianzi iliyofunga juu kama dari, matope yenye nyayo za nyati kubwa kama sahani. Mugisha alitangulia na bunduki, na kila alipoinua mkono tusimame, moyo wangu nao ulisimama. Baada ya mianzi miti inakuwa mifupi, imevikwa ndevu za kijivu, na pumzi inaanza kupotea. Mguu wangu wa kukanyagia mashine ulifanya kazi vizuri. Ule mwingine niliuburuta.

Jino la kwanza tulilifikia nikiwa naona nyota mchana. Wanakwaya wawili walibaki hapo. Ndipo ngazi zinapoanza, ngazi za miti iliyofungwa pamoja, zimelowa, zinapanda juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Upande huu Rwanda, upande ule Uganda, na mimi katikati, nalia, natambaa, nimeshika mti kwa mikono na kwa meno kama ingewezekana. Nilimwomba Bikira Maria wa nchi yoyote aliye karibu. Jino la pili silikumbuki. Kwenye ngazi ya jino la tatu nilisimama, nikamwambia Mugisha siwezi tena, hapa ndipo mwisho wangu.

Akasema kutoka juu, "Mama, kurudi ni ngazi hizi hizi."

Nikapanda.

Juu kuna nafasi ndogo kuliko uwanja wa kanisa letu, majani mafupi na ubao wa mpaka. Mugisha akanionyesha mistari ambayo haionekani: hapa Uganda, hapa Rwanda, hapa kwenu. Nikaweka mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikaketi palepale.

"Sasa umekalia Kongo," akasema Mugisha.

Nilikaa hapo nikala viazi baridi vya Josefina. Chini yangu upande wetu ulikuwa msitu tu, msitu mwingi, kisha mbali mashamba ya Jomba alikozaliwa mume wangu. Wingu lilikuja likafunika kila kitu. Likafunguka mara tatu, na kila lilipofunguka nilisimama mbio, dira kifuani, nikafanya kama nilivyofundishwa. Mikeno: 180. Gahinga: 180. Muhabura: 180. Nilifurahi sana kuona namba zinakubaliana. Kwa ushonaji, vipimo vikikubaliana unajua hukukosea.

Kushuka

Nilishuka kwa makalio kuliko kwa miguu. Tulifika langoni jua linaelekea kuzama, na Papa Neema alikuwa kwenye benchi lilelile. Josefina alisema hakuondoka hata kula. Alisimama aliponiona.

"Umefika?"

"Nimefika. Nimekalia Kongo. Mupaka uko pale ulichora."

Alifungua daftari. Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Mikeno, mia na makumi munane," akasema. "Muhabura, mia na makumi munane. Mama Neema. Moja iko mangaribi, ingine iko mashariki. Umekusanya milima yote umeiweka kusini?"

Nikahisi dunia inazama. Kutwa nzima, ngazi zile zote, na nimemletea takataka. Alinyoosha mkono, akachukua dira, akaisogeza kifuani pangu kama nilivyokuwa nimeishika. Ile ncha nyekundu ikageuka, ikanielekea. Akaipeleka kushoto, ikanielekea. Akaipeleka kulia, ikanielekea. Akaingiza vidole kwenye kamba ya shingo yangu, akavuta kifuko, na ndani yake, pamoja na bobini na vifungo viwili, mlikuwa na sumaku yangu ya pini.

Papa Neema alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, mpaka Mugisha akatoka kibandani kuangalia kama ndiyo presha yenyewe. Kisha akaacha kucheka, akafuta macho, akasema kwa sauti ya chini, "Ulipanda mpaka kule, na kaskazini yote ilikuwa inakuangalia wewe."

Nilikaa kando yake kwenye benchi, matope yangu yakamchafua koti, naye hakusogea. Hakuzifuta zile namba tatu. Mpaka leo zimo daftarini.

"Itabidi turudi kupima upya," akasema.

"Wewe na mimi?"

"Wewe na mimi. Na sumaku ibaki Katoyi."

"Lini?"

Aliuangalia mlima. Wingu lilikuwa limeshafunika meno yote matatu. Akanishika mkono.

"Ejo," akasema.

Sikumwuliza ni ipi.